Nusu ya Pili ya Kaseti

Umeme ulikatika nikiwa nimefika katikati ya kipindi. Ukumbini wanafunzi zaidi ya 300, maiki imekufa, na sauti yangu haifiki viti vya nyuma bila msaada. Ilikuwa Februari 2012, saa kumi na moja jioni, mvua imenyesha asubuhi na jua limerudi kwa hasira kama lilivyo jua la Dodoma. Mada ya siku ile ilikuwa ngonjera, mashairi ya kujibizana. Nikaona nikiwaruhusu waende zao kwenye vimbweta, yale mabenchi ya saruji ya nje, mada imekufa na haitafufuka wiki ijayo. Nikaugawa ukumbi. Wa kulia wawe kijana anayekimbia shamba, wa kushoto wawe wanaombakiza. Mizani nane kwa nane, upande huu ukisema upande ule ujibu, na kila jibu lifuate vina vya aliyetangulia.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa kelele. Kisha kijana mmoja wa safu za nyuma akasimama juu ya kiti:

Jembe nimelitupia, nyuma ya boma la baba,
Mjini nakimbilia, faida ni haba haba.

Upande wa kushoto wakanong'onezana, wakahesabu kwa vidole. Binti mmoja, ambaye muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti yake, akasimama bila kupanda kiti:

Mjini ukifikia, nani atakupa shiba?
Jembe ulilokimbia, ndilo lililokubeba.

Ukumbi ulilipuka. Nimefundisha miaka mingi, na siku za namna hiyo nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tuliendelea mpaka giza likaingia, tukawa tunasikiana bila kuonana.

Wakati wa kutoka, mwanafunzi mmoja alinisubiri mlangoni. "Madamu, huyu mshairi Mnyampala uliyemtaja si ndiye wa Ihumwa hii yetu?" Nikamwambia ndiye. "Na pakoje huko kwao?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeanza kufundisha ngonjera 1990. Ihumwa nilikuwa nimepita kwa basi mara zisizo na idadi, maana huendi Dar es Salaam kwa barabara bila kuipita. Sikuwahi kushuka.

*

Nilizaliwa 1962 upande wa Mvumi, katika tembe, nyumba yetu ile ya udongo yenye paa bapa ambayo ng'ombe na watu huwa chini ya dari moja. Nyumbani tulisema Cigogo. Kiswahili kilikuwa lugha ya stesheni, ya misheni na ya baraza. Mwaka 1971 ukaja wakati wa Operesheni Dodoma, familia zikahamia vijiji vya ujamaa. Tembe letu tuliliacha nyuma, na mvua za misimu miwili zikaliangusha.

Shuleni mwalimu wetu alitufundisha ngonjera ya kuwaghania wageni watakaokuja kuona kijiji. Nilikuwa na miaka tisa, na nilipewa nafasi ya mvivu. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Nakumbuka neno moja tu lililonisimamisha: kupe. Kupe nilimjua vizuri, nilikuwa nikimtoa kwenye masikio ya ng'ombe wa baba na kumponda kwa jiwe. Lakini katika ngonjera kupe alikuwa mtu, na mtu huyo alivaa suti. Nilikwenda nalo neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, nikimwaza mtu aliyejibandika kwenye sikio la ng'ombe akiwa na suti. Miaka mingi baadaye nikiwa mbele ya darasa, nilipotakiwa kueleza sitiari, sikuhangaika kutafuta mfano kitabuni. Nilimtoa yule kupe.

Mathias Mnyampala, aliyezieneza ngonjera mpaka zikafika kwenye shule kama ile yetu, alikuwa Mgogo kama mimi. Alizaliwa Ihumwa 1917 na kufariki 1969. Hakuiona hata nakala moja ya kile kitabu chake cha kwanza cha ngonjera za UKUTA, kwa sababu kilitoka 1970, na cha pili kikafuata 1971. UKUTA ni kifupi cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha washairi. Kiswahili hakikuwa lugha ya kwao. Alijifunza kama sisi wengine wa bara tulivyojifunza, kisha akakitungia kwa sheria za Waswahili wa pwani mpaka pwani wakampa kiti. Kabla ya hapo, 1954, alikwisha kuchapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Kitabu hicho mimi nilikishika mkononi kwa mara ya kwanza nikiwa Bayreuth, Ujerumani, nilikokwenda kwa miezi sita ya utafiti. Nilikisoma maktabani, theluji ikianguka dirishani, nikikutana na majina ya koo za jirani zetu.

Nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1983 kusoma shahada ya kwanza, ule mgogoro wa ushairi ulioanza miaka ya 1970 ulikuwa bado unafuka moshi. Wapo waliosema pasipo vina na mizani hapana shairi. Wapo waliosimama na mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, mwalimu wa chuo hicho hicho, ambaye diwani yake ya kwanza ilitoka 1974. Tuligombana mabwenini mpaka usiku wa manane. Sikuona wakati ule jambo ambalo sasa naliona wazi: Mgogo ndiye aliyesimama upande wa sheria za pwani na Mkerewe ndiye aliyezivunja, wote wawili ni watoto wa bara waliokikuta Kiswahili kikiwa na wenyewe.

Mimi nilikuwa upande wa mashairi huru. Niliandika insha nikisema ngonjera ni propaganda iliyovikwa vina, nikapata alama nzuri. Leo nikiisoma insha ile sikatai nilichosema, ila nasikitika nilivyoishia pale. Ngonjera ilinipa Kiswahili. Ilinifundisha pia kwamba mtu unayempinga lazima umtungie beti zake na uzitunge vizuri, la sivyo ushindi wako hauna ladha. Yule mvivu niliyemwigiza alipewa beti nzuri kuliko za mchapakazi, na ndizo wazazi walizozikumbuka. Lakini mwisho ulijulikana kabla hatujaanza: mvivu anaelimika, wanapatana, wageni wanapiga makofi. Baba yangu, aliyeliacha tembe lake lianguke, alikuwa amesimama pale nyuma ya wageni. Yeye hakutungiwa ubeti.

*

Kilichonifanya niwe mwalimu wa fasihi ni sauti mbili, ya bibi yangu na ya mhadhiri wangu wa mwaka wa kwanza.

Ya mhadhiri nitaisema kwa kifupi. Tangu kidato cha kwanza nilikuwa nimesomeshwa karibu kila kitu kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Nikaingia Idara ya Kiswahili, idara iliyoanza 1970, nikamsikia mtu mzima akizungumza nadharia kwa saa nzima kwa Kiswahili, akisema uhakiki, isimu, usimulizi, motifu, bila kukwama na bila kuomba radhi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikujua kwamba lugha niliyoipata kwenye ngonjera ya kijijini ingeweza kubeba mambo yale. Mpaka leo, sisi tunaofundisha Kiswahili ndio karibu peke yetu chuoni ambao mwanafunzi akinyoosha mkono hahitaji kutafsiri swali lake kwanza kichwani. Wenzangu wa idara nyingine hulalamika kwamba wanafunzi hawaulizi maswali. Kwangu wanauliza mpaka nachelewa kipindi kinachofuata.

Bibi alizaliwa kabla ya vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza, na alikuwa mtoto wakati wa Mtunya. Nje ya Ugogo ni wachache wanaolijua jina hili. Majeshi yalipita, kwanza ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Kuanzia 1917 mpaka 1920 nchi hii ilikufa njaa. Mnyampala alizaliwa mwaka ule njaa ile inaanza. Huwa nawaambia wanafunzi wauweke mwaka huo pamoja na tarehe za vitabu vyake, kwa sababu mtoto wa 1917 wa Ugogo kuishi mpaka kushika kalamu lilikuwa jambo la kushukuru.

Bibi hakusimulia mchana. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi vilisema hadithi huanza kwa "Paukwa!" na wasikilizaji huitika "Pakawa!", nami niliyaandika hayo kwenye mitihani yangu yote. Bibi hakuwahi kusema paukwa. Alikohoa, akasukuma kuni ndani ya jiko kwa kisigino, akanyamaza. Ukimya ule ndio ulikuwa mwanzo. Ulijua usinyanyuke tena.

Likizo ya mwaka 1985 niliazima redio kaseti, nikanunua betri mpya na kaseti moja ya dakika 60, nikapanda treni ya usiku mpaka Dodoma, na kutoka hapo nikadandia lori. Nilimwomba bibi aniimbie wimbo wa Mtunya. Ni wimbo mrefu, unaosimulia. Mama mmoja anamshika binti yake mkono, anatembea naye siku nyingi kwenda kwa watu wenye nafaka. Anarudi na kikapu kimejaa, mkono mwingine mtupu. Njiani anaongea na kikapu kana kwamba ndiye binti: anakiuliza kama kimechoka, kama kina kiu, kama kimeona ule mbuyu. Bibi aliimba kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona, na kila alipofika kwenye maswali ya kikapu alipangusa goti lake kwa kiganja, kama anayefuta unga.

Upande wa kwanza wa kaseti ukaisha. Nikageuza. Taa nyekundu ikawaka, nikamwashiria aendelee, naye akaendelea mpaka mwisho.

Nilikuwa nimesahau kuachia kitufe cha kusitisha. Taa inawaka, kaseti haizunguki, na kwa mwanga wa koroboi sikuona.

Asubuhi nilipogundua nilimwendea nikiwa nalia, nikamwomba arudie. Alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua uso. "Nimeshauimba," akasema, "nawe ulikuwepo."

Nusu ile ya pili ndiyo inayosema kama binti alirudi. Nilikuwepo, kweli. Nilikaa hatua mbili kutoka kwake. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile taa nyekundu, na kazi ya kukumbuka nilikwisha kuikabidhi mashine. Nakumbuka sauti ikishuka. Nakumbuka kimya cha mwishoni. Maneno hayapo. Likizo iliyofuata nilipangiwa mazoezi ya kufundisha mbali na nyumbani. Bibi alifariki Machi 1987. Matangani nikamuuliza mama. Akasema binti alirudi akiwa mtu mzima na mtoto mgongoni. Nikamuuliza shangazi, akasema hakurudi, ila kila mwaka wa neema kulikuwa na mtu akiacha kikapu cha uwele mlangoni usiku. Wote wawili walikuwa na hakika. Wote walimsikia bibi yule yule.

*

Hatua za kazi yenyewe hazina mengi ya kusimulia. Mkufunzi msaidizi 1990, mhadhiri msaidizi baada ya shahada ya umahiri, kisha uzamivu, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, na mwisho uprofesa. Katikati ya hayo kuna ndoa, watoto watatu, na mishahara ya miaka ya 1990 iliyofanya wahadhiri wengi wafuge kuku nyuma ya nyumba. Nilifuga pia. Cheo kwetu hupanda kwa makala zilizochapishwa, na makala yangu ya kwanza niliyoipenda kwa moyo ilikuwa juu ya wimbo wa bibi. Niliituma 1996 kwenye jarida moja. Ikarudi na mstari mmoja wa msomaji nisiyemjua: matini haijakamilika. Niliifungia kabatini. Makala zilizonipandisha cheo ni nyingine kabisa, ni za haki na sizionei aibu, lakini hakuna hata moja ninayoikumbuka kwa kichwa.

Kazi niliyoifanya kila siku, na ambayo haipo kwenye fomu yoyote ya kupandisha cheo, ni kuwafundisha watu wazima kusoma upya. Wanafunzi wanatufikia wakiwa wamekaririshwa. Wana orodha: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, kisha fani na vipengele vyake. Unawapa riwaya, wanaipitisha kwenye orodha kama mahindi kwenye mashine, unga unatoka wa aina moja. Na wana madesa, yale matini yanayorudufishwa kwenye vibanda, yenye majibu yaliyopikwa na mtu ambaye huenda kitabu chenyewe hakukifungua. Ukisahihisha mitihani 300 usiku, unakutana na "dhamira kuu ni ukombozi" mara 200. Siwalaumu vijana. Mwenye hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ambaye bumu, fedha yake ya mkopo, limechelewa na hana hela ya kitabu, atashika desa.

Nilichofanya ni kubadilisha swali la kwanza. Nilikataza neno dhamira kwa wiki nne za mwanzo. Badala yake nikawauliza: nani anasema? Amekaa wapi? Nani yupo karibu na haruhusiwi kusikia? Mwanzoni waliniona msumbufu. Baadaye wanaanza kuona vitu. Kuna karatasi moja ya mtihani naikumbuka mwandiko wake, kalamu ya bluu inayovuja. Swali lilikuwa juu ya mama mmoja katika tamthiliya tuliyoisoma. Mwanafunzi alianza na jibu la desa, akalikata kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: "Mwalimu, jibu wanalosema ni ukombozi, lakini mimi naona huyu mama anaogopa tu, na anaongea sana ili asisikie mlango ukigongwa." Nikaiweka chini kalamu nyekundu. Nikarudi kwenye tamthiliya, nikasoma tena ukurasa ule. Alikuwa sahihi, na mimi niliyeifundisha tamthiliya ile miaka tisa sikuwahi kuusikia mlango. Nilimpa alama zote za swali lile.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza 2007 pale Chimwaga, kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mikutano ya CCM, wengi wetu tuliozaliwa huku tuliona kama tumeitwa nyumbani. Mwaka uliofuata nikahamia Dodoma. Hapo ndipo nilipoanza kutoa zoezi ambalo nimelitoa kila mwaka tangu wakati huo. Nenda nyumbani likizo. Mtafute mzee. Msikilize jambo moja: hadithi, wimbo, mbolezi, vitendawili, chochote. Liandike kwa lugha aliyolisema, kisha kwa Kiswahili. Mwishoni andika nusu ukurasa ukieleza nani mwingine alikuwepo na walifanya nini.

Simu zimeirahisisha kazi hiyo kuliko redio kaseti yangu. Nina maelfu ya dakika za sauti, za Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, Kinyiramba, Kihehe, Kisukuma. Kijana mmoja wa Chemba aliniletea masimulizi ya Kisandawe, lugha yenye vidoko, zile sauti za kubofya ulimi, na hakujua aziandikeje. Tulikaa naye ofisini siku tatu tukibuni alama za muda. Alikuwa anarudia kila neno mara tano ili nisikie tofauti, na kila aliporudia uso wake ulizidi kuchangamka. Aliniambia kwamba tangu aanze shule ya msingi hakuna mwalimu aliyemtaka aseme Kisandawe darasani.

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobeli, wanafunzi walinizunguka kwenye vimbweta. Walikuwa na furaha na walikuwa na hasira. Mzaliwa wa Zanzibar, profesa wa fasihi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, kwa nini hatujamsoma? Nikawaeleza kwamba huandika kwa Kiingereza, kwa hiyo yuko upande wa pili wa ukuta wa idara zetu. Jibu hilo halikuwatosha na halikunitosha mimi. Mtu aliyekua akisikia Kiswahili, habari zake ni za pwani yetu, sisi tunamwacha kwa sababu ya mpaka wa ratiba ya vipindi. Nimelisema hili vikaoni. Nitalisema tena kabla sijaondoka.

*

Ihumwa nilikwenda wiki tatu baada ya ule umeme kukatika, Jumamosi, na yule mwanafunzi aliyeniuliza na mwenzake mmoja. Tulipanda daladala. Wakati ule hakukuwa bado na Mji wa Serikali pale Mtumba jirani. Leo ukipita njia hiyo unaona mabati mapya, vigingi vya viwanja na malori ya kokoto. Siku ile ilikuwa vumbi, mibuyu, na mashamba ya uwele yaliyofika magotini.

Sikwenda kutafuta kaburi wala nyumba. Nilitaka tu kushuka nitembee, nijue nchi yake inakanyagwaje. Tulimkuta bibi mmoja kivulini anabangua karanga. Tukamwamkia "Mbukwenyi", akaitikia, akatuuliza tumetoka wapi na mvua ya kwetu ikoje. Nikamweleza kwamba nafundisha ngonjera. Akacheka. "Ngonjera si zetu za shule?"

Akaanza. Hakuacha kubangua. Aliposema ya mtu wa kwanza uso aliugeuza kushoto, ya mtu wa pili akaugeuza kulia, na mikono ilibaki pale pale katikati ikimenya karanga, maganda yakianguka kwenye kanga yake kwa mapigo yale yale ya mizani. Beti kumi na moja, kwa kichwa, baada ya miaka arobaini. Wanafunzi wangu walikuwa wamechuchumaa vumbini na kalamu mkononi, hawaandiki. Ubeti wa kumi na mbili haukuja. Akasubiri, akatikisa kichwa.

"Mwisho nimeusahau."

"Walipatana," nikamwambia.

"Kwamba walipatana najua," akasema. "Walipatanaje, ndiyo imenitoka."

Tulinunua karanga zake zote. Kwenye daladala ya kurudi hakuna aliyeongea mpaka tulipofika mjini.

*

Sasa nimebakiza mwaka na miezi kustaafu. Januari hii alikuja ofisini binti wa mwaka wa pili, wa upande wetu wa Mvumi, na zoezi lake kwenye simu. Alikuwa anaona haya. Alisema rekodi yake imeharibika mwishoni, anaomba aikate au atafute mzee mwingine. Nikamwambia tusikilize kwanza.

Bibi yake anakohoa. Kuni zinasukumwa. Kimya. Kisha anaimba kuhusu mama anayetembea na binti, na siku nyingi za njia, na watu wenye nafaka. Kikapu kipo. Mbuyu haupo, badala yake kuna mto uliokauka. Maneno si ya bibi yangu ila mapigo ni yale yale, na nilijikuta kiganja changu kinapangusa goti. Mama anafika karibu na kwao. Anaona moshi kwenye paa la tembe lake, na nyumbani hakuacha mtu.

Hapo mbuzi wanalia, mlango unafunguliwa, jirani ameingia. "Mbukwa!" Bibi anaacha wimbo, anaitikia. Wanaulizana habari za mvua, za mgonjwa, za mtoto aliye Dodoma anayesoma. Dakika nne nzima za salamu, kisha simu ikaisha chaji.

"Samahani, Prof," binti akasema. "Nitaikata hiyo sehemu."

"Usikate hata sekunde," nikamwambia. "Bibi yako mzima?"

"Mzima, ila macho yamepungua."

"Ulimwomba amalizie?"

"Alisema siku nyingine."

Anasafiri Alhamisi. Nimenunua sukari kilo mbili na kanga ya bibi, nimeiazima simu ya pili kwa mwanangu, na nimemwomba twende wote.